Safari, Masomo na Kalenda ya Mfadhili: Wanafunzi wa Burundi na Afrika Mashariki Ughaibuni Wakitazamwa kutoka Mutakura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi aliye ughaibuni anavyopima fursa ya kusafiri dhidi ya wajibu wa masomo. Suala hili huzungumzwa mara nyingi kama jambo la nidhamu ya mtu binafsi: aliye makini husoma, asiye makini hutembea. Kwa kufuatilia wanazuoni wa mwambao wa karne ya 19, viongozi wa Afrika Mashariki waliosoma Ulaya kati ya 1929 na 1956, na Warundi waliosoma uhamishoni baada ya 1972, makala yanaonyesha kwamba mgongano huo una chanzo cha kihistoria. Ulipata nguvu pale elimu ilipofungwa na muhula, mtihani na fedha za mfadhili. Inahitimishwa kwamba kinachostahili kuulizwa ni nani anayeshika kalenda ya mwanafunzi na nani anayelipa gharama ya kuchelewa kwake. Kwa familia za mtaa kama Mutakura, jijini Bujumbura, jibu la swali hilo lina uzito wa maisha.

1.0 Utangulizi

Mutakura ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke, komini ya Ntahangwa. Upande huo wa jiji una mitaa ambayo majina yake yameingia katika historia ya Burundi kwa mema na kwa machungu: Cibitoke yenyewe, Kamenge, Kinama, Ngagara na Buterere. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya wenye kipato kidogo Afrika Mashariki, kijana anayepata nafasi ya kusoma nje ya nchi haondoki peke yake. Huondoka na akiba ya wazazi, mchango wa wajomba na mashangazi, mkopo wa jirani, na matumaini ya wadogo zake wanaongoja zamu.

Huko aendako hukutana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande mmoja kuna ratiba ya vipindi, tarehe za mitihani na masharti ya kibali cha kuishi. Upande wa pili kuna nchi ngeni ambayo huenda hatakanyaga tena maishani, miji aliyoisoma vitabuni, mikutano anayoalikwa, na jamaa waliotawanyika katika nchi jirani. Warundi husema: Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze, yaani kindege kisichoruka hakijui ulezi umeivia wapi. Waswahili nao husema mshika mawili moja humponyoka. Mzee mmoja anaweza kumwambia kijana mmoja methali zote mbili katika juma moja, na asiwe amejipinga, kwa kuwa kila methali ina wakati wake.

Hoja ya makala haya ni kwamba historia inaweza kusaidia kuujua wakati huo. Kusafiri na kusoma havikuwa maadui tangu mwanzo. Katika utamaduni wa elimu wa mwambao wa Waswahili, safari ilikuwa sehemu ya masomo. Vilitenganishwa na mpangilio mpya wa elimu ulioletwa na ukoloni, na tangu hapo kila mwanafunzi wa ughaibuni amelazimika kuvipatanisha kwa gharama yake au kwa gharama ya wengine. Makala yanafuata mabadiliko hayo kwa hatua nne, kisha yanarejea Mutakura.

2.0 Safari iliyokuwa ndiyo masomo

Mfano ulio wazi ni wa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyezaliwa visiwani Ngazija mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925. Akiwa bado kijana alipewa ukadhi Zanzibar katika zama za Sultani Barghash. Katikati ya miaka ya 1880 aliuacha wadhifa huo akasafiri hadi Istanbul, na katika miaka hiyo alipita pia Misri na Makka, akisoma kwa wanazuoni aliowakuta. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufariki, alirudi Zanzibar na kuwa kadhi tena, na kwa zaidi ya miongo mitatu iliyofuata alihesabiwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki.

Mwenzake, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860 na kufariki mwaka huohuo wa 1925, alisafiri kwenda Makka na Hadhramaut. Baadaye alifika hadi Cape Town, ambako alikwenda kusaidia kusuluhisha mzozo wa Waislamu wa huko. Madrasa yake ya Ukutani, mjini Zanzibar, ilipokea wanafunzi kutoka pembe mbalimbali za mwambao, nao wakarudi kwao kufundisha.

Mambo matatu katika mpangilio huo yanafaa kuangaliwa. Kwanza, hati ya elimu ilikuwa ijaza, na ijaza ilitolewa na mwalimu kwa mkono wake, si na taasisi. Aliyetaka ijaza ya mwalimu wa Tarim ilimbidi aende Tarim. Kwa hiyo kutosafiri ndiko kulikokuwa upungufu wa masomo. Pili, muda ulihesabiwa kwa kitabu: mwanafunzi alimaliza alipokihitimu kitabu mbele ya mwalimu wake, iwe ni kwa miezi mitatu au miaka mitatu. Tatu, kalenda iliyomfunga msafiri kabla ya kuenea kwa meli za moshi ilikuwa ya pepo. Aliyekosa kusi alingoja. Kungoja huko hakukuitwa uzembe, na mara nyingi kulimpa mtu mwalimu wa ziada katika bandari aliyokwamia.

Isidhaniwe kwamba mpangilio huo haukuwa na gharama. Ibn Sumait aliacha kazi ya hadhi. Wengi waliosafiri walitoka katika nyumba zenye uwezo au zenye nasaba iliyowafungulia milango kila bandari. Wasichana wachache mno walipata nafasi hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi hakulazimika kujieleza kwa mfadhili kwamba safari yake ilikuwa na uhusiano na masomo. Uhusiano huo ulijulikana na kila mtu.

3.0 Muhula, mtihani na fedha za mfadhili

Utawala wa kikoloni ulileta mpangilio mwingine. Katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji, njia ya elimu ya watoto wa machifu ilipita Astrida, leo Butare au Huye nchini Rwanda, katika shule iliyoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Shule hiyo iliwaandaa wasaidizi wa utawala. Elimu ya chuo kikuu ilibaki mbali: Lovanium ya Léopoldville ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na Waafrika walioruhusiwa kusoma Ubelgiji kabla ya hapo walikuwa wachache sana. Thomas Kanza, aliyehitimu Louvain mwaka 1956, alikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza wasio mapadri kupata shahada ya chuo kikuu.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1950, Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, alitoka Astrida akaenda Antwerp. Alisoma katika chuo kilichokuwa kikiwaandaa maafisa wa utawala wa makoloni ya Ubelgiji. Hali hiyo ilikuwa na kinaya chake: mtoto wa mfalme wa Burundi aliketi katika chuo walikofunzwa watu waliotumwa kuitawala nchi yake. Ratiba ya chuo hicho ilipangwa kwa mahitaji ya dola, na safari iliyofikiriwa mwishoni mwake ilikuwa moja, yaani safari ya afisa kwenda kituo chake cha kazi.

Rwagasore alirudi nyumbani mwaka 1956. Jina alilolijenga baada ya hapo halikutokana na cheti. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na kati ya walioukimbilia mapema walikuwa wachuuzi Waswahili wa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Ushirika ulizidiwa na madeni, lakini ulimfungulia mitaa ambayo watoto wa ikulu hawakuizoea. Kwa kupitia mtandao huo, na kwa urafiki wake na Julius Nyerere na chama cha TANU, alikijenga chama cha UPRONA. Chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961, na Rwagasore akawa waziri mkuu. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya uhuru wa Julai 1962. Elimu iliyomfaa zaidi katika siasa aliipata kwa kutembea mitaani kwake mwenyewe, baada ya kurudi.

Nyerere anaonyesha upande mwingine. Aliwasili Uingereza mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akasoma Edinburgh hadi alipopata shahada yake ya M.A. mwaka 1952. Alikuwa amekwisha kuwa mwalimu Tabora, na mchumba wake, Maria Gabriel, alibaki Tanganyika. Kwa miaka mitatu na nusu hakurudi nyumbani. Ndoa yao ilifungwa Januari 1953. Kwa mwanafunzi wa aina hii, safari yenye uzito mkubwa ilikuwa ile asiyoweza kuifanya. Nauli ya meli, urefu wa njia na masharti ya ufadhili vilimweka Edinburgh mpaka mwisho.

Safari iliyompima kwa uwazi ilikuja baadaye. Machi 1955, akiwa mwalimu wa Pugu, alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wanachama na marafiki wa TANU walikuwa wamechanga fedha za kumpeleka. Aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu ualimu. Hapo tayari mgongano ulikuwa umekamilika sura yake: kuna ratiba ya taasisi, kuna mwaliko wa mbali, na kuna watu waliochanga wanaongoja matokeo. Kwa Nyerere waliochanga na waliohitaji safari walikuwa ni walewale, ndiyo sababu uamuzi wake, ingawa ulimgharimu mshahara, haukumtenga nao.

4.0 Safari ndani ya masomo na safari baada ya masomo

Wakenya wawili wanaruhusu ulinganisho wa karibu zaidi, kwa kuwa wote walikuwa wanafunzi Uingereza na wote walisafiri sana.

Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye aliitwa Jomo, alikwenda London kwa mara ya kwanza mwaka 1929 akiwa mjumbe wa Kikuyu Central Association. Alirudi Kenya mwaka 1930, akaondoka tena mwaka 1931, na safari hiyo ya pili ilidumu miaka kumi na mitano. Alisoma kwa muda Woodbrooke, chuo cha Makweka karibu na Birmingham. Kisha alikwenda Moscow, akasoma huko kati ya 1932 na 1933. Akarudi London, akaingia London School of Economics na kusoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Kazi aliyoifanya huko ilizaa kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938.

Kwa mtu anayetazama matokeo peke yake, huu ni ushahidi kwamba safari na masomo vinaweza kwenda pamoja. Lakini hesabu kamili ina upande wa pili. Kenyatta aliacha mke na watoto wawili. Binti yake Margaret, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa na umri wa miaka 18 baba aliporejea Septemba 1946. Chama kilichomtuma kilipigwa marufuku mwaka 1940, miaka sita kabla ya mjumbe wake kurudi. Ujumbe alioondoka nao ulimkuta hana wa kumpelekea jibu kama ulivyopangwa. Uhuru wake wa kusafiri na kusoma bila kufungwa na muhula ulitokana na kutokuwa na mfadhili mmoja wa kudumu, na ukosefu huo wa mfadhili ulimfanya aishi kwa dhiki na ukawaacha nyumbani kwake wakijitegemea.

Tom Mboya alikwenda kwa namna nyingine. Alipata mwaka mmoja wa masomo, 1955 hadi 1956, katika Ruskin College mjini Oxford. Muda ulikuwa mfupi na ulijulikana tangu mwanzo. Mwaliko wa kuzuru Marekani aliutumia masomo yalipokwisha, katika nusu ya pili ya 1956, kwa msaada wa American Committee on Africa. Alizungumza na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanavyuo na watu wenye uwezo wa kuchangia elimu. Urafiki uliopatikana katika ziara hiyo ulikuwa mbegu ya mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81.

Tofauti ya hawa wawili haikuwa ya akili wala ya bidii. Kwa Mboya, masomo yalikuwa na mwisho uliojulikana, na safari ilikuwa na ujumbe uliojulikana. Kwa Kenyatta, vyote viwili vilibaki wazi kwa miaka mingi, na wanaongoja hawakuwa na tarehe ya kuhesabia. Ni vyema pia kukumbuka hali ya wale 81. Nauli yao ilitokana na wafadhili wa mbali na, kwa wengi wao, harambee za kijijini. Hawakuwa na fedha za kurudi likizo. Safari ya mmoja aliyekuwa huru kutembea iliwapa wengine 81 nafasi ya kusoma wakiwa wamefungwa na kalenda.

5.0 Safari ya kurudi nyumbani: Burundi baada ya 1972

Mpaka hapa, safari iliyojadiliwa ni ile inayomtoa mwanafunzi katika masomo kwenda mahali pengine pa ugenini. Historia ya Burundi inalazimisha aina nyingine iongezwe, nayo ni safari ya kurudi kwao.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa nchi, na Watutsi wengi wa huko waliuawa. Kilichofuata kilikuwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa wenye elimu: walimu, watumishi wa serikali, makasisi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Makadirio ya waliouawa hutajwa kati ya 100,000 na 300,000. Chuo kikuu cha Bujumbura, kilichopata hadhi rasmi mwaka 1964, kilipoteza wanafunzi darasani. Waliokuwa nje ya nchi walijikuta wana masomo lakini hawana likizo ya kwenda nyumbani. Waliokuwa ndani na wakaweza kutoroka walijikuta wamefika nje ya nchi kabla ya kuwa na shule ya kwenda.

Melchior Ndadaye alikuwa mmoja wa hao wa pili. Alizaliwa mwaka 1953 Murama, katika eneo la Mwaro, na mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu Gitega. Alikimbilia Rwanda, akaendelea na masomo Butare hadi chuo kikuu. Kati ya 1976 na 1979 aliongoza chama cha wanafunzi Warundi wa mrengo wa maendeleo waliokuwa uhamishoni Rwanda. Mwaka 1983 alirudi Burundi. Baadaye alipata nafasi ya kusomea mambo ya benki Ufaransa, na Juni 1993 alichaguliwa kuwa rais. Aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na nchi ikaingia katika vita vilivyoigawa mitaa ya Bujumbura, ikiwemo ya kaskazini.

Maisha ya mwanafunzi uhamishoni yanageuza mizani yote. Kwa Ndadaye na wenzake, kuhudhuria vipindi kulikuwa wajibu, na mikutano ya chama cha wanafunzi ilikuwa wajibu pia, kwa kuwa ndiko walikojadili namna ya kurudi. Mwanafunzi wa kawaida hupima kama safari itamchelewesha kuhitimu. Mkimbizi hupima kama kuhitimu kutampeleka popote ikiwa njia ya nyumbani imefungwa. Hii ndiyo sababu kurudi kwa 1983 kunapaswa kuhesabiwa miongoni mwa safari nzito kabisa katika historia ya wasomi wa Burundi, ingawa kutoka Butare hadi mpaka wa Burundi ni mwendo mfupi wa gari.

6.0 Mutakura tangu 2015

Mwezi Aprili 2015 maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza katika mitaa kadhaa ya Bujumbura, na Mutakura na Cibitoke zilikuwa mstari wa mbele pamoja na Musaga na Nyakabiga. Chuo kikuu kilifungwa. Mamia ya wanafunzi waliohofia usalama wao walipiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani mpaka walipoondolewa mwishoni mwa Juni. Katika miaka miwili iliyofuata zaidi ya watu 400,000 waliihama nchi. Vijana wengi wa mitaa ya kaskazini waliendelea na masomo, au waliyaanza upya, Kigali, Kampala, Nairobi na katika kambi za wakimbizi za Tanzania. Kwa mara nyingine mtu alikuwa msafiri kwanza na mwanafunzi baadaye.

Wakati huohuo, kwa maandishi ya kisheria, mipaka ilikuwa inafunguka. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa nchi moja atambuliwe katika nchi nyingine. Kwa mtazamo huo, Mrundi anayesoma Dar es Salaam au Makerere hayuko ughaibuni hasa. Yuko katika nyumba ya pili. Lakini Januari 2024 serikali ya Burundi ilifunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda. Mwanafunzi wa Mutakura aliyeko Kigali, aliyekuwa akiweza kufika kwao kwa basi mchana mmoja, alijikuta anahesabu upya kila sherehe ya harusi na kila msiba: azunguke kupitia Tanzania na kupoteza siku za vipindi, apande ndege asiyoimudu, au abaki.

Kwa aliyeko Ulaya masharti ni ya namna nyingine. Mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi Ubelgiji anaweza kuzuru nchi nyingine za eneo la Schengen kwa muda mfupi bila kuomba viza mpya, uhuru ambao kizazi cha Rwagasore kisingeufikiria. Ila kibali chenyewe huongezwa muda kwa kuonyesha maendeleo ya masomo. Nchini Uingereza, tangu mfumo wa mwaka 2009, chuo kinachomdhamini mwanafunzi wa kigeni kinawajibika kutoa taarifa kwa serikali akiacha kuhudhuria. Kwa hiyo aliyeshika kalenda si mwalimu, wala si mfadhili wa fedha peke yake. Idara ya uhamiaji nayo imeketi mezani.

Upande wa nyumbani kuna mfadhili wa nne, asiyetoa masharti kwa maandishi. Mama aliyeuza kiwanja, kaka aliyeahirisha harusi na dada aliyeacha shule ili ada ipatikane wote wana kalenda yao. Picha ya kijana akiwa ufukweni au mbele ya mnara maarufu husomwa Mutakura kama taarifa ya hesabu. Hata kama safari ililipiwa na waandaaji wa mkutano, na hata kama ilimjenga kitaaluma kuliko muhula mzima, anayeitazama picha hana njia ya kulijua hilo asipoelezwa. Hapa ndipo aibu na lawama huzaliwa, na ndipo baadhi ya wanafunzi huanza kuficha safari zao, jambo linalokata kamba iliyowaunganisha na waliowatuma.

Ni vizuri kutosahau kwamba elimu ya kukutana na wengine haihitaji viza kila mara. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliwakutanisha vijana wa mitaa sita ya kaskazini, ikiwemo Cibitoke, katika miaka ambayo kuvuka barabara kwenda mtaa wa pili kungeweza kumgharimu mtu uhai. Kwa kijana wa Mutakura wa zama hizo, kufika Kamenge ilikuwa safari ya masomo kwa maana iliyo karibu na ile ya wanazuoni wa Zanzibar: alikwenda kumkuta mtu ambaye asingeweza kumjua kwa kubaki kwake.

7.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa haitoi amri kwamba mwanafunzi asafiri au abaki. Inaonyesha mambo matatu ambayo mjadala wa nidhamu huyaficha.

La kwanza ni kwamba mgongano kati ya safari na masomo hutegemea anayethibitisha elimu. Ijaza ilipotoka kwa mwalimu, kusafiri kulikuwa kusoma. Cheti kilipotoka kwa taasisi yenye muhula, kusafiri kukawa kutohudhuria. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyotaka eneo la pamoja la elimu ya juu liwe na maana vina wajibu wa kuzihesabu safari za utafiti, mikutano na mabadilishano ya wanafunzi ndani ya masomo yenyewe, badala ya kumwachia mwanafunzi aziibe kutoka katika ratiba.

La pili ni kwamba safari zilizozaa matunda zilikuwa na ujumbe na zilikuwa na mwisho. Abdallah Bakathir alijua alichoitiwa Cape Town. Mboya alijua alichokiendea Marekani, na alikwenda masomo yalipokwisha. Penye ujumbe ulio wazi, hata waliochanga nyumbani huweza kuiona safari kuwa yao. Mwana wa Mutakura anayeieleza familia kabla ya kuondoka, kwa lugha wanayoielewa, ni kwa nini anakwenda, nani anayelipa na lini atarudi darasani, hupunguza sehemu kubwa ya mzigo ambao Kenyatta aliwaachia watu wake bila tarehe.

La tatu linawahusu Warundi kwa namna ya pekee. Katika nchi iliyowafungia wasomi wake njia ya nyumbani zaidi ya mara moja, safari inayostahili kuhesabiwa kwanza ni ile ya kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ya mabaharia huchukulia kwamba ngama ipo na msafiri ataikuta. Kwa vizazi vya 1972 na 2015 jambo hilo halikuwa na hakika, na hali ya mpaka tangu 2024 inaonyesha kwamba bado halijawa nayo. Kazi ya kulihakikisha haiwezi kubebeshwa mwanafunzi peke yake. Ni ya serikali zinazofunga na kufungua mipaka, na ya jumuiya iliyoahidi kwamba kusoma kwa jirani si kwenda ughaibuni.